Uyu Rehani ni Nani?

Mtu wa benki alikuwa ameshaandika jina la noteri kabla hatujakaa sawasawa. Alikisukuma kile kikaratasi cha njano upande wangu wa meza, akasema kwa Kifaransa cha upole kwamba huyu wanafanya naye kazi kila siku, faili zake hazikwami, na ofisi yake iko karibu na metro. Nikasema asante. Kisha nikakirudisha kikaratasi upande wake.

Sikufanya hivyo kwa ujasiri. Mimi ni mtu wa kusoma barua pepe mara nyingi kabla ya kuituma, na nikishaituma naisoma tena nikitafuta kosa, na nisipoliona naamini limejificha. Lakini kulikuwa na jambo nililokuwa nimejifunza peke yangu, maktabani, kama nilivyojifunza Kifaransa na karibu kila kitu kingine katika nchi hii. Ubelgiji nyumba hainunuliwi bila noteri, ofisa wa sheria anayeandika hati na kuisoma mbele ya wote, na mnunuzi ana haki ya kumchagua wa kwake. Muuzaji akiwa na wake pia, wawili hao wanagawana malipo yaleyale. Wengi wetu wahamiaji hatulijui hilo, na sijaona anayehangaika kutuambia.

"Ni uamuzi wako, mademoiselle," alisema mtu wa benki. "Lakini ofa yetu ina mwisho wake. Na muuzaji ana watu wengine wanaoitaka."

"Najua," nilisema.

Tulikuwa tunanunua, mama na mimi, fleti ya chini kule Laeken. Ile kuwa chini ndiyo ilikuwa habari yote. Mtaani Saint-Gilles, tulikokuwa tukipanga, tulikaa juu kabisa, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, yenye ngazi nyembamba za kuzunguka, na magoti ya mama yalikuwa yameanza kumfunga ndani. Alishuka siku za kazi tu, kwenda kupika katika nyumba ya wazee. Jumapili hakwenda tena kanisani Matonge, mtaa wa watu wa kwetu. Alivaa kitenge chake kizuri, akakaa kitandani, akasikiliza ibada kwenye simu.

Yule noteri wa benki huenda ni mtu mzuri. Nilipiga simu ofisini kwake, nikauliza kama mama angepata mkalimani, kwa kuwa mkopo ungekuwa wa majina yetu mawili na Kifaransa chake ni cha jikoni na sokoni.

"Haina haja," alisema sekretari. "Utamweleza nyumbani."

Nikakata simu. Kwetu Bukavu, baba alipokufa, shemeji yake mama alimletea karatasi ya Kifaransa, akamwambia ni kawaida, asaini tu, atamweleza nyumbani. Mama akasaini. Tulipofika nyumbani tulikuta haikuwa yetu tena. Nilikuwa mdogo, lakini maneno hayo nayakumbuka. Niliamua mama yangu hatasikia tena "nyumbani" kuhusu kitu anachosaini hapa.

Basi tukaanza kuzunguka, siku zangu za mapumziko, yeye na fimbo yake, mimi na maswali niliyoyakariri. Kila ofisi walitupokea vizuri, na kila ofisi walinitazama mimi. Mama alikuwa amekaa palepale, nao wakaniuliza: anaelewa? ana umri gani? atasaini? Katika ofisi moja msichana wa mapokezi alitabasamu akaniuliza kama natafuta noteri au mume. Nilicheka kwa adabu, halafu nikalia barabarani. Mama akanipa kitambaa chake. "Lakini swali yake iko nzuri," alisema. "Mume unamutafuta lini?"

Tuliyemchagua alikuwa mwanamke wa makamo, ofisi yake juu ya duka la viatu. Alimgeukia mama, akasema polepole: "Na wewe, madame, unaogopa nini katika jambo hili?"

"Les escaliers," mama alijibu. Ngazi.

Noteri akaandika. Kweli aliandika. Nikajua tumefika.

Nilijitolea kuwa mkalimani mwenyewe. Alikataa. "Wewe unanunua pia. Huwezi kuwa masikio ya mnunuzi mwenzako." Iliniuma, nakiri, kwa sababu niliamini hakuna ambaye angemtafsiria mama vizuri kuliko mimi. Kumpata mkalimani aliyeapishwa wa Kiswahili kulichukua muda. Mtu wa benki alipiga simu, kisha dalali wa muuzaji, kisha mtu wa benki tena, akinikumbusha kwamba kwa noteri wao tungekuwa tumeshamaliza. Nilitapika chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi kwenye meza yangu kumwandikia: tutasubiri.

Siku ya kusaini, muuzaji na mtu wa benki walikuwa wameshakaa mezani kwa noteri wetu mkalimani alipoingia na tai. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, Kiswahili chake kimenyooshwa kama shati. Noteri alisoma, yeye akafasiri, mama akaitikia kwa kichwa. Bei, mipaka, bustani ndogo ya nyuma, yote yalipita. Kisha wakafika kwenye mkopo.

"Nyumba hii itawekwa rehani," alisema mkalimani, "na rehani hiyo itabaki juu ya nyumba hadi deni litakapokwisha."

Mama akainua mkono. "Uyu Rehani ni nani?"

"Samahani, mama yangu?"

"Rehani. Unasema atabakia juu. Juu si kuko bantu bengine?"

Mkalimani alikohoa. "Rehani si mtu, mama."

"Haiko muntu, na anakala juu?"

"Ni hypothèque, maman," nilisema.

"Hypothèque minajua. Ulinielezaka: ni crédit ya nyumba." Akamgeukia mkalimani. "Kiswahili yako iko ya ku radio, papa. Sema yote, polepole."

Naye akasema yote. Kwamba mkopo ni pesa, lakini rehani ni nyumba yenyewe. Kwamba tusipolipa, benki inaweza kuichukua na kuiuza. Kwamba mimi nikishindwa, deni lote, wala si nusu, linaweza kudaiwa kwake peke yake.

Mimi, mwenye kutafuta makosa hadi kwenye nukta, nilikuwa nimemtafsiria mama neno hilo miezi yote kwa kumpa upande wake usiouma, nikiamini nimetafsiri vizuri.

Mtu wa benki alitazama saa yake. "Ni kawaida, madame. Kila mtu anasaini hivyo."

Mama hakusubiri ukalimani wa hilo. "Mwambie asitupeleke mbio. Bukavu pia balisemaka ni kawaida."

"Tuna muda," alisema noteri baada ya kufasiriwa, akaweka kalamu mezani.

Niliogopa kuliko siku zote. Mama angeweza kusimama na kuondoka, na fleti ingetuponyoka palepale, kwa ubishi wangu mwenyewe. Nilimwinamia. "Maman, usipotaka, tunarudi. Tutapanda zile ngazi."

Mama alikuwa anamtazama mkalimani.

"Na sie tukilipa muzuri, mpaka mwisho, anatoka?"

Mkalimani, aliyekuwa akisema "rehani hiyo" bila kuteleza hata mara moja, alifikiri kidogo.

"Anatoka, mama," alisema. "Anatoka kabisa."

"Bon. Sasa minamujua muntu mwenye naingiza mu nyumba. Mulete bic."

Akasaini polepole, herufi moja moja, huku mtu wa benki akingoja. Nilimwacha angoje. Ningemwacha angoje hadi jioni.

Tunakaa Laeken sasa. Bado naamka na kuhesabu kila kitu kinachoweza kuharibika, na sijapona hilo. Mshahara wangu ukiingia na benki ikichukua chake, mama anauliza kutoka jikoni: "Rehani amesha kula?"

"Amekula, maman."

"Bon. Atulie."

Jumapili anatoka kabla yangu, na kitenge na fimbo, moja kwa moja kutoka mlangoni hadi barabarani, bila ngazi hata moja. Mimi narudi ndani kuhakikisha nimezima jiko, kisha narudi tena. Yeye ananiita kutoka nje, majirani wote wasikie.

"Funga mulango, tramu inakuja. Rehani abakie kule juu."