Hindi Lililomeza Saba ya Maua

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Siku hiyo hindi bichi lilifichua wakubwa, na lawama nikabebeshwa mimi.

Mimi ni mtu wa karata. Sokoni Kitale nakufanya uchague ile ninayotaka mimi, inapotea, halafu naitoa mfukoni.

Watu walizoea. "Mzee, geuza mfuko kwanza!"

Marehemu mke wangu Dinah ndiye aliniokoa. Alifungua maganda ya hindi bichi, akaficha pacha wa karata ndani, akabandika na uji mzito. Ukimenya, karata yako hiyo! Soko lilipiga nduru.

Dinah alikufa akingoja dawa, wakubwa wakikata utepe wa geti jipya la hospitali. Ptuu!

Nikabaki na Ivy, msichana wetu asiyetembea. Kila mahali ni mgongoni kwangu.

Ndipo Jotham, mtu wa mkono wa kulia wa mheshimiwa mmoja, mwanasiasa wa Bungoma, akanipigia.

"Baba Ivy, niaje. Njoo Bungoma utuchangamshe. Tunapeana kiti cha magurudumu kwa mlemavu mwenye karata itakayotoka ndani ya hindi. Weka saba ya maua kwa hindi."

"Na Ivy wangu?"

"Si atapewa karata kama wengine, bana."

Nikadhani ni burudani tu.

Uwanjani kila mlemavu akapewa karata. Ivy akapata mbili ya kopa. Saba ya maua? Ikaenda kwa mama mkwe wa mheshimiwa, niliyemwona akiruka kutoka garini na viatu vya kisigino kirefu.



"Tuombe," mheshimiwa akasema. "Mungu mwenyewe atachagua karata, aiingize ndani ya hindi hili."

Pasta akaomba mpaka kivuli kikahama. Nikasikia maganda yakiraruliwa.

Nikafungua jicho. Mezani hakuna hindi!

Wamalwa, bodigadi wa mheshimiwa, alikuwa amelipeleka kwa jiko la mama wa chai. Huku kwetu nani huona hindi bichi limekaa bure akaliacha? Akamenya. Karata ikaanguka.

"Pasta! Na hii?" Wamalwa akaita, akiiinua juu.

Nyanya mmoja akapiga makofi. "Ati hata amina bado, na Mungu ashamaliza kuchagua?"

Watu wakazomea. Mheshimiwa akaninyooshea kidole.

"Huyu mchawi ndiye ametuharibia!"

Nikafukuzwa, Ivy mgongoni. Kiti, bado na nailoni yake, kikarudishwa kwa gari.

Ndugu zangu, mkubwa akikwambia ufumbe macho muombe, wewe omba ukiangalia meza.

Nimeuliza Jotham. Nimeuliza pasta. Hata chifu nimemuuliza.

Kile kiti kinakaliwa na nani?