Sifuri Kati ya Buna na Takaba

Leo nimeitwa mpelelezi ndani ya ofisi yangu!

Nilikuwa napitia tena jedwali langu la miji jirani, ili kompyuta ionyeshe ugonjwa wa ngamia unavyosambaa. Miji miwili iliyo karibu naipa moja, iliyo mbali sifuri.

Mama mmoja mfugaji wa Buna, aliyekuja kuripoti ngamia wagonjwa, akachungulia.

"Nani amekutuma kutugawanya?"

"Hapana, hooyo, mama yangu. Ni umbali tu."

"Mbona sisi na Takaba ni sifuri? Ngamia yetu na yao inakunywa kisima moja!"

Wiki nzima kompyuta imekuwa ikitoa majibu yasiyolingana na ripoti za wagonjwa, nami nikimshuku mwenzangu wa ofisini kwamba ndiye aliyekosea; kumbe ni sifuri yangu.

Nikafuta sifuri, nikaandika moja, kisha nikamwuliza kisima kiko wapi.

Akanikazia macho.

"Ukishajua, utampelekea nani, mpelelezi wewe?"

Akatoka zake.

Wallahi, nyinyi mngemjibu nini?