Uso na Mgongo wa Sarafu za Mume Wangu

Mume wangu alianza kukusanya sarafu za kale mwaka ambao mwenzake wa kazini alistaafu. Huyo mwenzake alikuwa Mbulgari, waliendesha foklifti za kuinulia mizigo pamoja katika ghala moja la Wetherill Park, huku ughaibuni tunakoishi, na siku ya kuagana alimwachia sarafu ya shaba kama kumbukumbu. Ilikuwa ya himaya ya Bizanti, nyeusi, imebonyea katikati kama kisahani. Mimi nilidhani imekanyagwa na gari. Yeye alidhani amepewa ufalme.

Haukupita muda, meza yetu ya chakula ikajaa vibahasha na lenzi, nasi tukawa tunakula tumepakata sahani.

Sarafu zenyewe sikuzichukia. Kilichonichosha ni maneno. Wakusanyaji wana lugha yao, na mume wangu, mtu wa Tanga asiyekubali neno la Kiingereza livuke kizingiti kama lina mwenzake wa Kiswahili, aliamua kuitafsiri yote. Upande wa mbele akauita uso, wa nyuma mgongo. Maandishi yanayozunguka ukingoni akayaita mkufu. Sarafu ambayo mhuri haukutua katikati, hiyo "imepigwa pembeni". Ule ukijani wa miaka mingi, ambao mimi ningeusugua kwa limao na majivu, akauita vazi, akanipiga marufuku kuikaribia meza nikiwa na limao.

Kibaya zaidi yalikuwa madaraja ya ubora. Kwa wakusanyaji, sarafu ikiitwa "nzuri" maana yake imelika mpaka mfalme hana pua. "Nzuri sana" nayo ni mgonjwa aliyepata nafuu tu. Jumapili moja nikampakulia pilau. Akaonja, akasema, "Nzuri."

"Nzuri ya watu au nzuri ya sarafu?" nikamuuliza.

Akatafuna kwanza, akawaza. Hapo ndipo alipoharibu. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, alimshauri baba yake kwa Kiingereza hichohicho akimbie.

Sasa, sisi tunaozungumza Kiswahili huku tuna kikundi kinachokutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, Bankstown. Kila tukikutana, mmoja wetu hufundisha jambo analolijua. Muuguzi mmoja wa Kenya alikwisha kutufundisha kupima presha. Zamu ya mume wangu ilipofika, alijipigia pasi shati mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tufunge ndoa.

Akasimama mbele, akatuonyesha ukutani picha ya ile sarafu iliyobonyea.

"Upande huu uliotuna, alipokaa Yesu, ndio uso," akasema. "Upande ulioingia ndani, aliposimama mfalme, ndio mgongo."

Mama mmoja wa Bukavu, anayetunza wazee kule Granville, akanyoosha mkono.

"Baba, unisamehe. Kwetu mgongo ndiyo inavimbaka. Uso ya mtu inaingiaka ndani?"

Mume wangu akaeleza kwa upole kwamba wataalamu ndivyo walivyokubaliana.

"Hao wataalamu walikuwa wamelala kifudifudi ama?" yule muuguzi akauliza.

Ukumbi mzima ukacheka. Mume wangu akanitazama kuomba msaada. Nikatazama dari.

"Hii ni bakuli," mama wa Bukavu akaamua. "Bakuli iko na inje, iko na ndani. Basi."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akaendelea na somo. Mwanzo alisema "uso, yaani nje" na "mgongo, yaani ndani". Baada ya picha chache, uso na mgongo vilikwisha kumtoka kinywani, wala hakujua vilipoangukia.

Mwishoni akatuonyesha sarafu ya fedha ya Wabulgari wa zamani: mfalme na mwanawe. Akasoma maelezo aliyoyaandaa, makavu kama maagizo ya dawa. "Watu wawili wamesimama, wametazama mbele, wamevaa taji, wameshika bendera moja katikati yao."

"Mtoto ni yupi?" mama akauliza.

"Huyu mfupi kidogo."

Mama akaisogelea picha, akaitazama kitambo. "Alitaka watu wote wamuone na mtoto wake," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mume wangu akavua miwani. "Hilo sikuwa nimeliona," akasema. Kwa mtu wangu yule, kusema hivyo mbele ya watu ni sawa na kuangua kilio.

Tangu siku hiyo mama wa Bukavu akawa mtu wa nyumbani kwetu. Siku moja alikuja kunywa chai, akafungua leso na kumkabidhi mume wangu kitu cha duara, cha rangi ya shaba, chenye nanga. Alisema alikiokota karibu na stesheni ya Granville, akaona asikitupe kabla baba hajakitazama.

Baba akakitazama! Akaleta taa, akaleta lenzi. Akasema nanga huenda ni alama ya mji wa bandari. Akasema ukingo umepigwa kwa mhuri wa ustadi sana. Akageuza, akaona upande wa pili umekwaruzwa, akatueleza kwa kirefu jinsi majeshi yaliyoshinda yalivyokuwa yakifuta alama za waliowashinda. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Baba," akasema, "hiyo ni kifungo ya koti ya bwana yangu. Ile kapete ya kupitisha uzi nilikata, nikapiga tupa."

Mume wangu akaweka lenzi mezani. Kisha akacheka mpaka akashindwa kupumua, akalazimika kuketi. Alipopata pumzi akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

Nikamwongeza chai.