Kura ya Mama Mkwe

Mimi ni Mpare wa Same niliyeolewa Ikonge, na pasi yangu bado ni ya Tanzania. Huku Kenya sipigi kura. Hilo halikunizuia kuwa na mgombea. Kwenye kibanda changu cha kushonea nguo nilimpigia debe mchana kutwa muuguzi mmoja mstaafu wa ng'ambo ya mto aliyetaka uwakilishi wa wadi, maana ndiye aliyenizalisha siku zahanati ilipokosa hata taa. Ukoo wa mume wangu nao ulikuwa na mtu wake, binamu yetu. Wateja wakinikumbusha hilo, niliwajibu kwa maringo kwamba kwetu Tanzania hatuulizani ukoo. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna kura wala kaburi la babu kwenye shamba hilo.

Mama mkwe haoni vizuri, ana mtoto wa jicho. Siku ya uchaguzi alitaka nimsaidie mimi. Karani akaniapisha kwamba nitatia alama pale tu atakaponielekeza. Karatasi nyingine alizimaliza bila kusita. Ilipofika ya wadi alinivuta karibu, akaninong'oneza.

"Hii wekea huyo muuguzi wako."

"Mama, na mtoto wetu wa ukoo?"

"Yeye ako na kura mingi. Wewe huna hata moja. Weka."

Nikaweka. Kiapo sikukivunja. Nilifurahi furaha ya kitoto, na njia nzima ya kurudi nilimshika mkono nikitabasamu peke yangu.

Muuguzi alishinda kwa kura chache. Matokeo yakabandikwa mlangoni mwa kituo, na wazee wa ukoo wakaanza kutafuta ni nyumba ipi iliyowageuka. Kwa mdomo wangu ule, walianzia kwetu. Walikunywa chai, wakamuuliza mama mkwe waziwazi kura yake ilikwenda wapi. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudishia jirani yai ambalo kuku wake alitaga kwenye migomba yetu.

"Nilipatia mtoto wetu," akasema.

Wakamwamini. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika mkononi. Ningeweza kusema kwamba ni mimi niliyewajaza watu maneno, kwamba alinihurumia tu. Niliwaongezea chai.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana. Kabla ya mkate, sisi Wasabato huoshana miguu, wanawake kwa wanawake, na tangu niolewe nimekuwa nikioshana na yeye. Nilikwisha kuchukua beseni na taulo alipoketi kwenye benchi la nje na kukunja leso yake magotini.

"Ingia. Mimi leo siwezi. Nilidanganya wazee."

"Basi nakaa na wewe, Mama. Kosa ni langu."

"Tukikaa wawili watajua. Ingia."

Nikaingia. Mke wa binamu yetu aliyeshindwa hakuwa na mwenzake, akaniita. Alipiga magoti, akaniosha miguu taratibu hadi katikati ya vidole, akanikausha. Kisha akaniuliza kwa upole mbona mama hakuingia.

Nikamwambia anaumwa kichwa.