Mtoto Aliyekataa Kikombe

Mwanangu alikataa kikombe tangu siku ya kwanza nilipompeleka deikea. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mbishi tu, na wakwe zangu wameshaapa kwamba ubishi huo hakuutoa kwao. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha. Ofisi ya wakala wa forodha ninakofanya kazi, hapa Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, ilikuwa inanitaka nirudi. Baba yake yuko Galula kwenye machimbo, anakuja kwa pikipiki mara mojamoja akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kwa hiyo kila asubuhi nilikamua maziwa, nikayatia kwenye chupa iliyochemshwa, nikamfunga mtoto mgongoni na kumpeleka kwa mama mmoja wa makamo anayelea watoto wachanga nyumbani kwake.

Kliniki walikuwa wametuambia chupa yenye chuchu ni uchafu, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Sawa, nikanunua kikombe. Mlezi aliweka maziwa kwenye bakuli la maji moto yapate uvuguvugu, akamkalisha mtoto vizuri kwenye mapaja, akamgusisha kikombe mdomoni. Mtoto akafumba midomo kama mtu mzima aliyeapa kutosema neno. Akilazimishwa, anatema. Akibembelezwa, analia mpaka anakwama pumzi. Kisha ananyamaza na kuanza kungoja.

Ndiyo, alikuwa anangoja. Watu walinicheka niliposema hivyo, kwamba mtoto wa miezi mitatu na ushee anajua kungoja, lakini mimi ndiye mama yake. Saa saba mchana nilikuwa na ruhusa ya kwenda kunyonyesha. Nilipanda bodaboda, nikafika getini, nikabisha hodi, na kilio chake kilikatika palepale. Alininyonya kwa hasira huku kanishika blauzi kwa ngumi. Nikirudi kazini anaanza kungoja jioni. Usiku alifidia yote, mimi nikasinzia nimekaa, mgongo ukutani.

Siku ya kliniki nesi alimtoa kwenye mzani, akaweka alama kwenye kadi, akaitazama kwa muda kuliko nilivyopenda.

"Mama, mstari umelala," akasema. "Mchana anakula nini?"

Nikamweleza habari za kikombe. Akasema mtoto hawezi kukua kwa kunyonya usiku tu na mara moja mchana, nijitahidi, na mwezi ujao mstari ukiwa hivi tutazungumza mengine. Sikumuuliza mengine yapi. Nilikwenda kujiuliza mwenyewe nyumbani, na majibu niliyopata yalinimaliza kabisa.

Mama yangu alikuwa na jibu lake tayari. Alinipigia kutoka Itaka, nikasikia kuku nyuma yake.

"Mlete huku, mwanangu. Ng'ombe anakamuliwa, uji upo. Nyie wote niliwalea hivyo, nani alikufa?"

"Mama, huyu bado hajafika umri wa uji."

"Basi acha kazi."

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu hana maneno ya kuzunguka. Lakini tangu siku hiyo nilijua nina mwezi mmoja: mtoto akubali kikombe, au kazi iende, au mtoto aende Itaka na mimi nibaki na nepi zake kwenye kamba. 

Nikawa mtu asiyevumilika. Nilibadilisha vikombe: cha plastiki chekundu, cha bati, cha kioo, mpaka kifuniko cha chupa ya chai. Nilimshuku mlezi. Labda anampa maziwa yamepoa. Labda anakata tamaa mapema akahudumie wengine. Nilimpigia simu asubuhi, nikampigia tena kabla hata chai ya ofisini haijapoa.

"Shikamoo mama. Amekunywa?"

"Marahaba. Bado."

"Hata kidogo?"

"Mama mtoto, hii simu nimeishika kwa mkono wa kumshikia mwanao. Tuchague."

Nilikata simu nimenuna, kisha nikaona aibu, kisha nikampigia tena mchana. Na kuna jambo sikumwambia yeye wala mama yangu wala baba mtoto. Kile kilio kilipokatika nikibisha hodi getini, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nafurahi vibaya. Nilitaka anywe, nilimwomba Mungu kanisani anywe, na bado kila saa saba mchana nilijiona malkia.

Sasa, hapa kwetu mtu akikupa ahadi lazima umuulize: saa ya huku au ya kule? Upande wa pili wa mpaka, Nakonde ya Zambia, wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tumezoea, tunajumlisha na kutoa kichwani bila kufikiri, na kila ofisi ina saa ya ukutani ya kuamua ugomvi. Shida ni simu. Ukiisogeza karibu na mpaka inadaka mnara wa wenzetu, inajirudisha nyuma bila kukuaga, na laini yako ya huku haipatikani tena.

Siku moja asubuhi bosi alinituma Nakonde kufuatilia karatasi za lori lililokwama na mzigo. Nilikaa kwenye benchi la ofisi moja kule, nikangoja, nikaambiwa subiri, nikasubiri. Simu ilikuwa kimya na nikaona ni jambo jema, mlezi hana baya la kuniambia. Karatasi zilipotoka nikavuka kurudi kwa miguu, nikapita katikati ya malori, nikarudi ofisini kwetu na kukaa mezani kupanga mafaili. Sikuinua macho ukutani. Nilitazama simu, ikaniambia bado muda mrefu kabla ya saa saba.

Lakini matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma. Nikaona ajabu, nikajikaza. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, nikabana mikono kifuani. Mwanamke mmoja wa Nakonde aliyekuja kufuata mzigo wake wa vitenge alinitazama blauzi na kutabasamu.

"Bamayo, mtoto anakuita," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao.

"Bado muda wake," nikamjibu, nikajifunika khanga.

Nikaendelea na mafaili. Yaani nilikaa pale na mwili wote ukiniambia ondoka, mimi nikatii simu. Mwishowe simu ilipofika saa saba nikatoka mbio, na kwa mama ntilie wa kona nikakuta sufuria zimeinamishwa, anaosha sahani.

"Leo umechelewa," akasema. "Wali umeisha."

"Saa saba hii unaosha vyombo?"

"Saa saba ya wapi? Saa nane hii."

 Nikaitazama simu, na juu kabisa ya kioo jina la mtandao lilikuwa la kule. Bado ilikuwa imeng'ang'ania mnara wa kule, na mimi nilikuwa nimeshinda na saa ya Zambia mfukoni. Maana yake hata ule ukimya haukuwa habari njema. Mlezi angeweza kupiga mara mia asinipate.

Bodaboda alinitoza bei ya mtu aliyechanganyikiwa na nikalipa. Foleni ya malori ilikuwa imeziba barabara, tukapita kwenye vichochoro, kwenye madimbwi ya maji machafu. Njia nzima nilimwona mwanangu amekakamaa kwa kilio, amebadilika rangi. Nilimwona yuko hospitali mikononi mwa watu wasiojua hata anapenda kubebwaje. Nilimwambia Mungu nitaacha kazi leo hii hii, nitampeleka Itaka, atakunywa uji, atakunywa chochote, ilimradi nimkute.

Nilifika getini, nikabisha hodi kwa sauti iliyopasuka.

Kimya. Hakukuwa na kilio cha kukatika. Nilisimama pale na mkono juu ya bati la geti, na ndani kukawa kimya kabisa. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, hata siku niliyojifungua.

Mlezi alifungua geti akiwa na mwanangu begani. Kichwa chake kilikuwa kimelala shingoni mwa yule mama, macho nusu wazi, kidevu kinang'aa kwa maziwa. Alinitazama. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumpa jirani, akalaza tena kichwa chake palepale.

"Nimekupigia mpaka nimechoka," mlezi akasema, "nikaona nijaribu tena kikombe. Amemaliza chote, mama! Chote! Nikampa na kile cha jioni, akanywa nusu."

Nilimpokea nikambana kifuani, nikakaa kwenye mkeka palepale mlangoni, nikafungua blauzi. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe. Nikamwekea titi mdomoni. Akaligeuzia uso. Nikamwekea jingine. Akafumba midomo ileile aliyokuwa akikifumbia kikombe, akapiga miayo.

"Ameshiba huyo, usimsumbue," mlezi akasema taratibu. Akakaa karibu yangu. Nadhani aliona uso wangu, maana alianza kunieleza kama mtu anayenipa pole. "Alilia muda wako ulipofika. Kila geti likigongwa ananyamaza, anatazama. Wakaja mama wengine, wakachukua watoto wao. Alikungoja sana, mwanangu. Alipoona huji, akanywa."

Ndicho nilichokuwa nimeomba. Mstari ungeinuka, kazi ingebaki, Itaka angekwenda kutembea tu, na bibi yake angelalamika kwamba hatumpeleki. Nililijua hilo lote nikiwa nimekaa pale, na nilikuwa nalia mpaka kamasi.

Mlezi akaniletea bakuli safi nikakamulia, maana maumivu yalikuwa hayavumiliki. Nilikamua muda mrefu. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka kando yangu, tumbo limetuna, ngumi zimefunguka.

"Kesho usihangaike tena kuja mchana," mlezi akaniambia akilifunika bakuli. "Tutakuwa sawa."

"Asante, mama," nikasema, na nilimaanisha.

Kesho yake, saa saba ya huku, nilikuwa getini nabisha hodi. Alinifungulia bila kuuliza. Mtoto alikuwa amekunywa na kulala. Nikavua viatu, nikajilaza ubavuni kwake kwenye mkeka, nikangoja aamke.