Chupa za Mama Kinuyo

Kila jioni kabla ya kwenda kufungua baa yake, Mama Kinuyo Tatsumi alisimama katikati ya daraja la Dotonbori, na siku hizi alisimama muda mrefu kuliko zamani. Kwa miaka hamsini alikuwa amelipita daraja hilo mbio mbio, kikapu mkononi, hana habari na matangazo ya taa yaliyojaa juu ya mfereji. Nani Osaka ana muda wa kuangalia taa? Sasa macho yalikuwa yamemtupa mkono. Nyuso za watu zilikuwa zimefutika, na maandishi pia, hata vidole vyake mwenyewe alivibahatisha. Lakini taa, ajabu ya Mungu, zilibaki. Tena zilikuwa zimekua. Nyekundu ilivimba mpaka ikagusana na bluu, manjano ikamwagika majini, na mfereji mzima ukawaka chini ya miguu yake. Mama Kinuyo alishika ukingo wa daraja, mdomo wazi kama mtoto.

"Jamani," alijisemea, "kumbe kwetu ni kuzuri namna hii."

"Bibi, samahani," sauti ya kijana ikamzindua. "Tupige picha moja, mimi na mke wangu. Tumetoka Asahikawa, ndiyo fungate yetu."

Simu ikawekwa mkononi mwake. Angekataa angeulizwa sababu, na sababu hiyo ilikuwa siri yake. Akaielekeza kwenye mng'aro mkubwa kuliko yote, akabonyeza.

Mke wa yule kijana akaangua kicheko. "Bibi, sisi hatumo! Umepiga taa tupu!"

"Nyinyi mtajiona kesho kwenye kioo," akajibu Mama Kinuyo, maana mtu wa Osaka hakosi jibu. "Taa kama hizi kwenu Asahikawa hamna. Haya, mnakunywa? Nifuateni."

Alitembea mbele yao kwenye umati bila kumgusa mtu, akakata kona tatu za vichochoro, akafungua mlango wa baa ya Tsubame na kuwasha taa ndogo ya mlangoni yenye jina hilo. Viti saba, kaunta moja, jiko la upana wa mlango. Kila kitu kilikuwa pale kilipokuwa miaka yote: kisu kulia, sufuria ya supu kushoto. Ukutani kulikuwa na rafu mbili za chupa thelathini na nne, kila moja na mwenyewe. Mteja ananunua chupa nzima, inavikwa kijibao chenye jina lake shingoni, inamngojea mpaka arudi. Kummiminia mtu chupa ya mwenzake ni aibu ambayo mwenye baa haioshi kwa kuomba radhi.

Na hapo ndipo Mama Kinuyo alipokuwa amejifunga mwenyewe. Chizuru, binti ya dada yake, alitaka ahamie kwake Nara. Katika kubishana wakati wa masika, Mama akala kiapo: "Siku nitakayommiminia mtu chupa ya mwenzake, siku hiyo nazima taa ya mlango, nakuja kwako. Kabla ya hapo usiniguse." Chizuru akakubali. Tangu hapo kila jioni aliyofungua Mama alikuwa roho mkononi, lakini hakukosea. Alizijua chupa kwa mahali zilipokaa: Igarashi ya tatu kutoka kushoto, rafu ya chini, Kuwata ya tano. Vijibao hakuvigusa. Kuwata mwenyewe, mchonga mihuri wa mtaa wa pili, alikuwa amevibadilisha vyote mwaka mpya wa mwaka juzi na kuvivisha kwa mkono wake. Mama alimfokea siku hiyo: "Vya zamani vilikuwa na kosa gani?" Kuwata akasema vilinuka moshi, na mambo yakaishia hapo.

"Igarashi huyu! Nimekuja na njaa yangu!"

"Na Kuwata nyuma yake! Mama, mfukuze huyu kwanza."

Igarashi alikuwa dereva wa teksi aliyestaafu, mpole kama pamba. Mama aliona wanaume hawa wamekuwa na makelele uzeeni, kila mmoja anajitangaza mlangoni utadhani mpiga mbiu. Akawamiminia: Igarashi pombe yake ya viazi vitamu, Kuwata wiski yake. Ugomvi wao ulikuwa wa miaka kumi na tisa. Igarashi alidai wiski ni dawa ya mende, Kuwata alidai pombe ya viazi inanuka soksi. Wale maharusi walicheka mpaka wakapaliwa.

Baadaye wazee wakatoka kichochoroni kuvuta sigara, na Mama akainama jikoni kugeuza figili kwenye supu. Yule kijana wa Asahikawa alikuwa amelelewa vizuri mno. Aliona bibi amezidiwa na kazi, aliona chupa mbili juu ya kaunta na mapengo mawili kwenye rafu, akazirudisha. Kisha wakalipa, wakaaga kwa heshima zote, wakaenda zao kutazama taa.

Mama akapapasa kaunta, chupa hazipo. Akadhani amezirudisha mwenyewe.

"Ongeza, Mama," wazee wakasema waliporudi.

Mkono ukaenda kwenye ya tatu, akammiminia Igarashi. Ukaenda kwenye ya tano, akammiminia Kuwata. Wakagonganisha glasi, wakanywa.

"Aaa," alisema Igarashi baada ya kukohoa. "Tamu."

"Tamu sana," alisema Kuwata.

Ndipo harufu ya viazi vitamu ilipompanda Mama puani, na ilitoka upande wa Kuwata. Alishika ukingo wa kaunta kama alivyoshika daraja.

"Bwana Igarashi. Unakunywa nini?"

"Yangu, Mama. Ya kila siku."

"Muongo wewe. Hiyo ni dawa ya mende."

Hakuna aliyecheka. Mama akafuta mikono kwenye aproni, taratibu, akazunguka kaunta kuelekea mlangoni. Alikuwa ameshagusa swichi ya taa aliporopoka Igarashi: "Mama, usizime! Tunajua! Tunajua tangu mwaka juzi!"

"Nyamaza, domo kaya!" Kuwata akamkemea.

"Mnajua nini?" Mama akauliza, mkono bado kwenye swichi.

Kuwata alikuwa mtu wa maneno makali, na sasa alipotaka laini hakuyapata. "Nenda kwenye rafu," akasema. "Shika kijibao."

Alikwenda. Vidole vikatua kwenye chupa ya kwanza kabisa, pembeni kushoto, ile ambayo hakuna aliyeimimina kwa miaka kumi na miwili. Chini ya kidole gumba akahisi mfereji mwembamba kwenye ubao, halafu mwingine, umekata kona. Haikuwa wino. Jina lilichongwa, tena kwa kina, jinsi mihuri inavyochongwa. Alilifuata polepole mpaka mwisho. Lilikuwa jina la marehemu mume wake, Shigeo, na hakuwa amelisoma kwa miaka miwili.

Akaenda chupa ya pili, akaisoma. Ya tatu. Rafu ya juu, rafu ya chini, majina yote thelathini na nne yalichongwa kwa mkono wa mtu mmoja usiku baada ya usiku. Mama Kinuyo alistaajabu kuliko alivyostaajabia taa zote za daraja, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Kwa nini hukuniambia, mzee mwenye kiburi?"

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza kweli." Akapenga kamasi. "Lakini nimeapa kwa Chizuru. Nimewamiminia chupa ya mwenzenu, wote wawili. Kiapo ni kiapo."

"Chupa ya mwenzetu ipi?" Kuwata akauliza kwa ukali. "Kuanzia leo wiski ile ni ya Igarashi pia, na soksi zake ni zangu. Ya mwenzangu haipo humu. Igarashi, unasemaje?"

"Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani," alisema Igarashi. "Nilisahau tu kumwambia Mama."

"Na wale wengine thelathini na mmoja?"

"Watakubali," alisema Kuwata. "Asiyekubali nitamchongea muhuri wenye kasoro."

Mama akacheka katikati ya kilio. Mkono wake ukarudi kule pembeni kushoto. Akalisoma jina tena kwa kidole, kuhakikisha. Akaishusha chupa, akaifuta vumbi, akazungusha kizibo ambacho hakikuguswa tangu msiba.

"Basi na Shigeo naye yumo," akasema, akapanga glasi tatu na kumimina, kidole kimoja ndani ya ukingo wa kila glasi kupima ijae kiasi gani.

Kidole hicho hakukificha tena. Mlangoni taa ya Tsubame ilikuwa bado inawaka.