Achari ya Bamia, Siku Zile

Mpangaji wa chumba cha uani ana vidole vilivyochubuliwa na siki, na vitambaa vyake vya hedhi wala havifichi. Wanawake wengine wa mtaa huu wa Ifakara wakiwa mwezini huvianika chini ya kanga. Yeye huvitandaza kwenye kamba, juani, kila apitaye na baiskeli avione. Kisha huchukua kisu akaingia kwenye tuta lake la bamia, mahali ambapo mwanamke aliye katika siku zake hatakiwi kukanyaga. Huchuma zile changa tu, akazipanga wima kwenye chupa za jemu, akazibana kwa vitunguu saumu na pilipili, akamimina siki ya moto mpaka zizame. Muda wote huo anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti nene.

Mama Bibiana, mwenye nyumba, alivumilia mpaka asubuhi ya leo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, hebu toka humo. Utazikausha bamia, na hiyo achari itaoza.”

Mpangaji hakutoka. Alikata bamia nyingine, akaipangusa kwa kidole gumba.

“Ile uliyokula na wali Jumapili niliifunga nikiwa hivihivi, mama.”

Mama Bibiana aliangalia vidole vyake. Jumapili alilamba vidole mbele ya wanajumuiya wote wa kanisani.

“Kama sasa inakutia kinyaa, nirudishie chupa yangu.”

Mama Bibiana aliingia ndani. Mchana, harufu ya siki ilitokea dirishani kwake, pamoja na ya wali.